Namba ya Mkebe wa Mama

Kinoru, Jumanne jioni, 1998

Hatimaye imekubali! Miezi mitatu nimehangaika na hii programu ya ushirika wa maziwa. Mwanachama mmoja amegawanywa kwa majedwali matatu: jina huku, ng'ombe kule, familia kwingine. Sasa nikiandika namba yake tu, programu inamkusanya na kumleta mzima, mtu mmoja. Nikimbadilisha mara moja, majedwali yote yanabadilika.

Kawira wa ofisini akaniambia, "Hebu jaribu na namba unaijua kwa kichwa."

Najua moja tu. 417, iliyopakwa rangi nyekundu kwenye mkebe niliobeba kila asubuhi nikiwa mdogo hadi kituo cha maziwa cha Muthara.

Mama akaja kwenye skrini. Ng'ombe wawili. Mtoto mmoja, mimi. Hali: hai.

"Huyu mama bado analeta maziwa?" Kawira akauliza.

Nikamwambia ni mama yangu, na tulimzika mwezi wa nne. Akanishika bega, akaenda kunitafutia chai. Ningependa angebaki.

Ningeandika tu "amefariki", na majedwali yote yangejua papo hapo. Ndiyo kazi niliyojivunia asubuhi. Nikashindwa. Nilikaa nikiangalia jina lake, nikitamani programu ijue kukusanya sauti yake pia, na ule moshi wa jikoni kwenye leso yake.

Nikazima kompyuta bila kubadilisha kitu.

Kesho nitaandika kifo chake kwa mkono, vile nilikuwa nikifanya zamani, jedwali moja moja. Nitaanza na ng'ombe. Jina nitaliacha la mwisho.