Kisu cha Titani na Mlinzi wa Lango

Dada yangu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kutafakari kwa kina, natangaza kwamba mfuko wa kulia wa suruali yangu ya kazi umetoboka. Marehemu ameacha mfuko wa kushoto, na mmoja wa nyuma usiofungika. Rambirambi zako nitazipokea, ila kwanza nikujulie hali. Mgongo unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Wapwa zangu wasalimie, na yule mdogo mwambie jino litang'oka lenyewe, aache kulivuta. Mimi ni mzima, nakula, nalala.

Kilichotoboa mfuko ni kisu chako. Kile kibanio chake cha kushikia mfukoni kinang'ata kitambaa kama kina kisasi nacho. Ulinipa nikibebe kila siku, kisha nikwambie kama kinafaa kuuzwa dukani kwako, nami nimechelewa mpaka umeniletea ujumbe kwamba hutaki risala, unataka neno moja tu: kinakata au hakikati. Shemeji naye, nasikia, kasema Bwana Sababu hata akiulizwa jina lake huanza na habari za babu.

Basi habari za babu ni hizi. Mpini wa madini ya titani ni mwepesi mno. Siku za mwanzo nilikuwa najipapasa kama mtu aliyeibiwa, kumbe kipo. Jasho halikifanyi lolote na kutu hakijui. Kinafunguka kwa dole gumba la mkono mmoja, na kikishafunguka kinajikaza hapo kwa mlio wa kujiamini, tak, ambao mimi sijawahi kuwa nao. Skrubu ya kiungo hulegea kidogo. Wateja wako wenye macho mabovu watakilaani, maana ni cha kijivu, ukikiweka juu ya saruji hukioni tena.

Kazi yangu unaijua, nakagua mishono ya magodoro. Mashine zinanguruma kiasi kwamba sote tunaziba masikio na kuongea kwa vidole: kidole juu, godoro zuri, kidole chini, lirudishwe. Nikitoka narudi chumbani kwangu, ambako jirani wa kulia anafanya kazi usiku na wa kushoto ni stoo ya rangi.

Sasa, kiwanda cha magodoro hakipendi visu, na sababu utaielewa bila kuelezwa. Siku ya kwanza mlinzi wa lango, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisimamisha akaniuliza nakwenda kumchinja nani. Nikamjibu kwamba kuna godoro limenitukana. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisu akakitia kwenye droo yake, jioni akanirudishia. Kesho yake nikaja nacho tena, naye akaniita Jambazi.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Asubuhi Jambazi anaulizwa kama amelala vizuri, kama amekula, na kama hilo godoro limeomba radhi. Jioni narudishiwa kisu pamoja na taarifa: leo amemenya chungwa nacho, leo amechonga penseli, leo amekaza skrubu ya miwani kwa ncha na ule uzi kautupa. Hapohapo ananipa habari za mchumba wa binti yake, kijana anayekula amesimama ili asije akaombwa kuosha vyombo.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Muda wote huo mimi mwenyewe sikuwahi kukata kitu kwa kisu hiki. Kilikuwa kinashinda kwenye droo. Mwenye akili angekiacha nyumbani tangu siku ya pili, lakini nimewaona wasio na kitu mfukoni: wanapita tu, hakuna anayewauliza lolote. Jumapili, lango likifungwa, sauti yangu siisikii mpaka Jumatatu. Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kukuandikia kwamba uchunguzi bado unaendelea, usikitake kwanza.

Wiki iliyopita mlinzi alinipokea amesimama, ametabasamu hadi masikioni. Kumbe alikwenda kwa meneja kunitetea. Alimwambia kwamba mkaguzi wa mishono anahitaji kisu cha kukatia nyuzi zinazoning'inia, na kwamba si haki mtu mwaminifu kama yule kupekuliwa kila asubuhi kama mwizi. Akanivisha shingoni kibali chenye picha yangu. Alikuwa na furaha kama yeye ndiye aliyepewa. Ningemwambia nini, dada? Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Tangu hapo akiniona kwa mbali anafungua lango, ananipungia mkono na kusema, pita, bosi. Nyuma yangu kuna foleni, haifai kusimama.

Nisikuchoshe. Mgongo huo usiubebeshe ndoo, na shemeji mwambie namkumbuka, hata kukoroma kwake. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe uzi mweusi, nimshone marehemu. Akikaa kunywa chai kidogo pia si vibaya.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Bwana Sababu

Nimesahau jibu lako. Leo nimekata nacho nyuzi za magodoro kutwa nzima. Kinakata.