Karani Hakuwa na Kichaa

Tata,

Karani amekula! Naanza na hilo kwa sababu nakujua, baba yangu. Ungekuwa hapa ungenikatiza salamu ili uniulize mbwa wako anaendeleaje. Amekula ugali na maziwa, sufuria nzima, akailamba mpaka ikagonga ukuta wa jikoni, halafu akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima chakula siku zote hizi.  Mama ananiambia nitulie, tena niache kuandika siku ya Sabato, nami nimemjibu kwamba barua kwako si kazi.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ulipotuacha mbwa alikuwa mzima.

Alhamisi ya wiki iliyopita tulikuzika. Tulichinja fahali, ingawa ulikataza. Watu walikuja kutoka Birongo na Sironga, na hata wale mliokosana nao juu ya mpaka wa shamba la chai walikuja wakala vizuri sana. Nyama ilikatwa kwa shoka nyuma ya jikoni, na Karani alishinda hukohuko. Kesho yake akaenda kulala juu ya kaburi lako, kidevu kwenye udongo. Tukimpelekea chakula anakinusa, kisha anageuza shingo.

Tata, kijiji kizima kilimpenda ghafla! Wanawake waliokuwa wakimfukuza na mwiko walikuja kumpiga picha kwa simu. Walikumbushana jinsi alivyokuwa akikaa kando ya mizani kwenye kituo cha majani chai, akikodolea macho kila gunia, mpaka ukampa jina la Karani. Sasa alikuwa akijipangusa uso kwa mguu wa mbele, mara huu mara ule, na kila aliyemwona alisema anafuta machozi. Mama akaanza kulia upya. Mimi pia niliamini, tena nilifarijika kuona kuna anayekulilia kuliko mimi.

Jumatatu, siku ya nne, harufu ya mdomo wake ikanishinda. Nikampigia simu daktari wa ng'ombe, yule shemasi wenu uliyekuwa ukimwita kila ng'ombe akivimba tumbo. Alikuja na pikipiki, gamubuti hadi magotini, mtungi wa mbegu za madume wa kupandishia ng'ombe umefungwa nyuma. Alipomwona Karani juu ya kaburi akavua kofia.

"Hii mbwa inaomboleza," akasema. "Nimewahi kusoma hiyo kitu. Mpee muda."

Akamdunga vitamini, akaomba, akawasha pikipiki. Mimi sikatai maombi. Lakini hakumfungua mdomo! Ng'ombe akikataa nyasi, jambo la kwanza analofanya daktari huyo ni kumshika ulimi, nimemwona mara ngapi? Nilimwambia mdomo unanuka. Akanijibu kwamba huzuni huharibu tumbo.

Nami nikanyamaza. Hapo ndipo nilipojichukia, Tata, kwa sababu nilinyamaza vivyo hivyo wewe ulipoambiwa hospitalini ni gesi tu, unywe ile dawa nyeupe ya chupa na upunguze maharagwe. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Niliona jinsi mshipi wako ulivyoongezwa matundu kwa msumari. Nilikuwa na swali, nikalimeza kwa sababu aliyekuwa akisema alivaa koti jeupe. Sijui kama swali langu lingekuponya. Najua tu kwamba sikuliuliza, na linaniuma.

Jana Ijumaa, alasiri, Karani akaanza kutoa mate. Mate mazito, yanayoning'inia mpaka kifuani. Mzee Nyabuto, jirani na mzee wenu wa kanisa, aliyaona kutoka upande wa pili wa ua, na kabla sijafika akawa ameshaingia na rungu.

"Hiyo ni kichaa! Hapa kuna watoto!"

Simlaumu. Kichaa cha mbwa si jambo la mzaha, na hata mimi niliogopa. Nikampigia daktari tena, simu ikiwa kwenye spika. Jumatatu alikuwa amesema huzuni, jana akasema, "Mate? Basi hiyo ni kichaa. Fungeni yeye mbali na watu. Nitakuja na sindano ya kumpumzisha." Nikamuuliza huzuni imekwenda wapi. Akasema Jumatatu hakukuwa na mate. Hakuwa amemtazama, Tata! Alikuwa anamtibu mbwa kwa simu.

Nikamwambia nakumbuka ulimpeleka Karani kwenye chanjo. Akasema, "Basi nionyeshe kadi." Kisha akaongeza kwamba jua linakaribia kutua, Sabato inaingia, kwa hiyo atafika Jumapili asubuhi. Mama akadakia palepale na kumgeukia Mzee Nyabuto.

"Umesikia? Sabato inaingia. Hakuna damu itamwagika kwa boma yangu."

 Mzee huyo wa kanisa alishusha rungu, akanisaidia kumfunga Karani kwenye kibanda cha kuni, akaenda zake. Miaka yote hiyo umetukataza hata kupiga nguo pasi siku ya Sabato, nami nikinung'unika, kumbe siku moja Sabato hiyo hiyo ingempa mbwa wako siku moja ya kuishi.

Basi nikatafuta kadi. Wewe na mambo yako ya kuweka vitu salama! Unaviweka salama mpaka wewe mwenyewe huvioni. Nilipekua chini ya godoro, ndani ya kopo la sukari, kwenye mifuko ya makoti yote. Nikapata miwani mitatu na betri za redio. Kadi hakuna. Asubuhi nikavaa, nikaenda kanisani na Mama huku nimekata tamaa kabisa. Kitabu changu cha nyimbo kilibaki Kisii ninakofanya kazi, kwa hiyo nikachukua chako.

Tukasimama kuimba. Nikafungua wimbo ule unaoupenda, ambao ukurasa wake umeshikiliwa na gundi ya karatasi, na kitu cha manjano kikaanguka miguuni. Niliinama. Jina la mbwa: Karani. Mwandiko wako, ile K yenye mkia. Muhuri. Mwaka haujaisha tangu achanjwe.

"Amechanjwa!"

Tata, nilipiga kelele kanisani. Wimbo ulikatika, mpiga kinanda akaendelea peke yake kidogo, kisha naye akaacha. Mama alinivuta sketi. Sikukaa. Nilitembea mpaka safu ya tatu, nikamwekea daktari kadi mapajani, nikamwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima, "Daktari, kabla ya sindano yako, fungua mdomo wa mbwa."

Aliisoma kadi. Kisha akasema polepole, "Hii sahihi ni yangu."

Ni yeye aliyemchanja! Hata ibada haikuisha. Alinong'ona kwamba kutenda mema kunaruhusiwa siku ya Sabato, akachukua mkoba wake, tukashika njia ya nyumbani, na nyuma yetu Mzee Nyabuto na nusu ya waimbaji.

Alisema kadi ni jambo zuri lakini tahadhari ni muhimu, kwa hiyo akavaa zile glavu ndefu za kuingiza mkono ndani ya ng'ombe. Hadi kwapani, Tata, juu ya suti ya Sabato! Nilicheka huku nalia. Tulimshika Karani kwa kamba ya ndama, daktari akamwekea kijiti kati ya meno, akachungulia.  Akachungulia tena.

"Uuui," akasema. "Kuja uone."

Ulikuwa mfupa. Kipande cha ubavu wa fahali wako, kimekwama juu kwenye kaakaa kutoka gego hadi gego, kama komeo la mlango. Nilikimbia kuleta koleo yako ya kukatia waya wa ua, tukaichemsha, daktari akashika, akazungusha. Mfupa ukatoka. Karani alipiga chafya mara nne, akatazama kila mtu usoni, akaanza kutikisa mkia mpaka kiuno chote kikatikisika. Siku tisa alikuwa anajaribu kuutoa kwa mguu, na sisi tukimpiga picha za machozi!

Mama alicheka. Sijamsikia akicheka tangu ulazwe. Daktari alivua glavu, akanishika mkono, akasema, "Nisamehe. Nilisikia hadithi, nikasahau kuangalia mnyama." Nikamwambia nami niliipenda hadithi hiyo hiyo. Mzee Nyabuto akaenda kwake, akarudi na jagi la maziwa badala ya rungu.

Ndipo Karani akala kama nilivyokuambia.

Nilidhani akishashiba atazunguka boma, abwekee kuku, ashike njia ya kwenda kituo cha majani chai kama zamani. Alikunywa maji. Akajinyoosha. Kisha akapita katikati yetu sote, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi lako, akazunguka mara tatu, akalala, kidevu kwenye udongo. Mdomo wake ni safi, nimeuona mwenyewe. Hakuna mfupa wa kusingizia tena. Amekukosa tu, Tata, na mimi nimekukosa.

Nimeirudisha kadi kwenye wimbo wako, nikaandika nyuma yake mwezi wa chanjo ijayo. Kuna jambo jingine. Mama anakohoa tangu kabla ya mazishi, na amepewa vidonge akaambiwa ni vumbi la matanga. Jumatatu nampeleka hospitali. Nakuahidi nitauliza. Nitauliza mpaka wanichoke, na wakivaa koti jeupe nitauliza zaidi.

Lala salama, baba yangu. Karani yuko hapo juu, ameshiba.

Binti yako,
Kemunto