Kura ya Mwalimu Jescah

Lubao, Kakamega

Kwa dada yangu mpendwa Maximilla,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na mahindi yenu huko Lugari. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku tuko wazima. Mimi nina nguvu kama kijana. Juzi hapa sokoni nilimshika fahali kwa pembe moja akapiga magoti. Waliokuwepo watakuambia, ingawa wengi walikuwa wamekimbia.

Ningepiga simu, lakini neno hili kwa simu ungelikata katikati. Ni habari ya binti yako Jescah. Unajua ofisi ya elimu ya mjini ilianza kulea walimu wakuu kutoka kwa walimu wa hapa hapa, badala ya kutuletea mgeni asiyejua hata choo kiko upande gani. Jescah ndiye waliyemlea. Mkuu anayestaafu alimfundisha kuongoza mikutano, kutuliza wazazi wakali na kugawa vipindi bila kuudhi mtu. Likabaki jambo moja, wazazi wapige kura kusema kama wanamkubali.

Nikasema kazi ya kuita wazazi niachiwe mimi. Nani mwingine? Sauti yangu ndiyo ile iliyosikika mpaka Sigalagala siku nilipokuwa nikinadi ng'ombe hapa Lubao. Nikachukua kipaza sauti nikazunguka soko lote nikitangaza: Jumamosi, shuleni, kura ya mwalimu Jescah.

Watu wakaja, dada. Wengine hata watoto hapo shuleni hawana. Akina mama walikuja na mabakuli, wazee wakakaa karibu na jiko wakiuliza ingokho, kuku wetu wa sherehe, inaiva saa ngapi. Wageni wa ofisi wakataka kujua nani aliwaahidi chakula. Wakajibiwa kwamba ilitangazwa sokoni, kula ya mwalimu Jescah. Ikaandikwa kwamba anahonga wazazi, na jina lake likaondolewa.

Najua yeye amekuambia kuna walimu waliomfanyia fitina. Hakuna, dada. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyemsema vibaya. Ni mdomo wangu. Unajua sisi na hizo herufi mbili, r na l, zinabadilishana viti bila kutuuliza. Walipomuuliza nani alitangaza, hakunitaja, nami nilikuwa nimesimama pale nyuma, kipaza sauti ndani ya koti.

Jumatatu nikamfuata Jescah kwenye ofisi ya elimu alikoitwa, nikaungama. Nikaeleza kwamba sikusema chakula, nilisema kupiga kura. Afisa akaniomba nilitamke lile neno polepole. Nikalitamka. Akatazamana na mwenzake.

“Mzee, umesema kula tena.”

Nikajaribu mara nyingine, jasho linanitoka, mpaka anayewaletea chai akacheka. Jescah akanishika mkono.

“Mjomba, twende nyumbani tu.”

Mkuu mpya ameletwa kutoka mbali. Jescah ndiye anayemzungusha kumwonyesha madarasa. Wazazi wakipita wanamwamkia Jescah kwanza, naye anawaelekeza kwa mgeni. Mimi hupita nje ya ua, nikatazama, nikaenda zangu. Ningekuwa na la kumsaidia ningelifanya, lakini silioni.

Mwambie shemeji namsalimu, na watoto wote. Jescah akija, mpikie vizuri, na usimuulize kitu. Mungu awatunze.

Ni mimi kaka yako,
Osiako