Nampiga Picha Mama Mkwe Kutoka Migombani, na Zote Zinatoka Ukungu

Mama Fortunata, shikamoo kama unanizidi, na kama ni mimi ninayekuzidi basi nipe yangu kimoyomoyo, maana sijui umri wako na si adabu kuuliza. Ninakuandikia juu ya shida ambayo siwezi kumpelekea mchungaji, kwa sababu mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa, na shida yenyewe imenikuta nimechutama kwenye migomba ya watu.

Nina miaka hamsini na minne, ni mkulima wa tangawizi huku milimani, upande wa kuteremkia Ndungu, na mke wangu Yudith tumekaa naye miaka ishirini na sita kwa amani, tuna watoto watatu, wa kwanza Agape. Miaka mitatu iliyopita alikuja mgeni Mjerumani kuangalia ndege msituni, nikamwongoza njia siku nne, na siku ya kuondoka akanipa kamera yake, ndogo, inaingia mfuko wa koti, lakini ukisukuma kiswichi chake mdomo unachomoza mbele na kuvuta kitu cha mbali mara thelathini, na ukiendelea kusukuma inavuta hadi mara sitini kwa nguvu ambazo sijui zinatoka wapi. Kitabu chake cha maelekezo kiko kwa Kijerumani. Nimekisoma chote.

Mama Fortunata, sitaki ufikiri kamera ni mbovu. Ndege hondohondo nimempiga akiwa juu ya mti, nimeegemeza kamera kwenye nguzo ya uzio, mpaka kope zake zinahesabika. Mwezi nimeupiga na makovu yake yote. Nyani aliyekuwa anakula mahindi ya jirani nilimpiga vizuri hata jirani akamtambua kwamba ni yuleyule wa mwaka jana. Ninachoshindwa ni watu, na hasa watu wa upande wa mke wangu.

Hapa naomba niungame, maana hili hata Yudith halijui. Mwaka ule ule niliopewa kamera, baba mkwe alikuwa hai, na siku moja nilimwona ng'ambo ya bonde akichunga mbuzi wake, nikasema ngoja nimpige, na ningeweza kumwendea kwa sababu kwa miguu ni dakika ishirini na yule mzee tulikuwa tunataniana sana, lakini nilitaka kuona kamera inafika wapi. Nikapiga kumi na moja. Zote zilitoka zimetikisika, unaona kitu cha kijivu kimesimama na fimbo, nikajiambia nitampiga siku nyingine, mwezi uliofuata akafariki. Kwenye jeneza wakaweka picha ya kitambulisho cha kupigia kura iliyokuzwa, mzee wa watu anaonekana kama anashtakiwa kwa wizi wa kuku, na Yudith akanigeukia mbele ya waombolezaji akaniuliza kama na kamera yote ile hatuna hata moja ya baba. Nikamwambia hatuna. Sikutaka aone nilichofanya, na nimekaa nalo moyoni miaka miwili na nusu.

Sasa amebaki mama mkwe, ambaye jina lake silitaji hata hapa. Ana miaka themanini na minne, figo zimeanza kumsumbua, na mwisho wa mwezi huu shemeji yangu Godwin anamchukua kwenda kukaa naye Dar es Salaam ili awe karibu na hospitali. Hakuna aliyesema kwamba harudi, ila nimeona Yudith anavyomfungia nguo zake, hata za baridi, na za baridi Dar mtu hazihitaji. Yudith ameniomba jambo moja tu, nimpatie picha ya mama yake akiwa nyumbani kwake, uani pake, uso uonekane.

Nilikubali haraka, na kosa langu lilianzia hapo. Mimi nimelelewa kwamba mama mkwe hukaribiwi. Nikikutana naye njiani natoka njiani nasimama majanini mpaka apite, namwamkia nikiangalia chini, mkono simpi, sahani yake silii, na alipo yeye amekaa mimi sikai. Kwa miaka ishirini na sita sijawahi kumtazama usoni zaidi ya muda wa kuitikiwa marahaba. Ningesimamaje mbele yake nimemwelekezea kamera? Ndipo nikaona kwamba Mungu hakunipa kamera ya kuvuta bure, nikaanza kwenda alfajiri kabla ukungu haujainuka, najibanza kwenye migomba yake kiasi cha hatua themanini kutoka mlangoni, nachutama, navuta mara sitini, nangoja atoke.

Nimekwenda wiki tatu na nimepiga picha mia mbili na kumi na nne. Nilizipeleka Same kwa Anold mwenye studio ya picha, nikamwambia anisafishie zile nzuri, akazipitia zote kwa subira, akaniuliza kwa heshima kama hilo ni gunia la mkaa au ni mtu. Nikamwambia ni mtu. Akasema basi hakuna nzuri. Nikafuta kioo vizuri kwa shati ninalovaa shambani nikarudi kupiga tena, zikazidi ubaya.

Jumatatu iliyopita jirani wa mama mkwe, Eliufoo, aliona kitu kinamemeta migombani akadhani ni mwizi wa ndizi, akaja na panga, akanikuta. Akaniuliza, mzee wa kanisa, unafanya nini huku? Nikamwambia naangalia ndege. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote, akaingia ndani. Kufika chai ya saa nne habari ilikuwa imeshafika kwangu kabla yangu, na Yudith alikuwa ananingoja jikoni.

"Baba Agape," akaniambia, "mama yangu unamwogopa au unamchukia? Niambie moja tu, nijue."

Nikachukua jembe nikaenda shambani, Mama Fortunata, na tangu siku hiyo ananiwekea chakula na kuondoka.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba tangu Jumanne mama mkwe ameanza kutoa kigoda chake nje kila asubuhi jua likishapanda, anakiweka katikati ya ua, anakaa ameelekea migombani, amevaa kitenge cha kanisani na kilemba amekifunga vizuri, hachambui maharage, hasuki mkeka, amekaa tu kama saa nzima, halafu anaingia ndani. Sijui anangoja mgeni gani. Nafikiri ananilinda nisirudi. Kwa hiyo nimerudi nyuma hadi kwenye mpaka wa shamba, hatua kama mia na hamsini, na nimepiga nyingine arobaini, lakini hizo hata gunia halionekani.

Siku zinakwisha. Naomba unisaidie kabla shemeji hajafika: nivute mara ngapi?

Jina langu naomba lihifadhiwe.

Mzee wa Kanisa, Milimani, Same

MAMA FORTUNATA ANAJIBU

Mzee wa kanisa, marahaba. Nina miaka sitini na mmoja.

Jina lako nimelihifadhi, ingawa umemtaja mke, mtoto, shemeji, jirani, mwenye studio na nyani, na nadhani kijiji kizima kilishakujua kabla ya kumaliza aya ya pili. Barua yako imezipita barua nyingine thelathini zilizokuwa zikingoja, kwa sababu wenye barua hizo matatizo yao yatakuwepo hata mwezi ujao.

Nianze na swali lako maana ndilo rahisi. Vuta mara tatu. Basi. Nimemwita Loth, mpiga picha wa gazeti hili, nikamsomea barua, akacheka mpaka nikamwambia atoke nje, aliporudi akanieleza hivi. Ile nguvu ya kutoka thelathini kwenda sitini si nguvu, kamera inaikuza tu picha ileile, sawa na mama anayeongeza maji kwenye maziwa ili yatoshe wageni. Tena ukivuta mbali namna hiyo, pumzi yako tu inaitikisa picha, na wewe umechutama, unatetemeka, kwenye kivuli, kamera iko mkononi. Hondohondo alitoka vizuri kwa sababu kulikuwa na mwanga na uliegemea nguzo. Na ule ukungu wa huko kwenu, ukivuta kutoka hatua themanini unauvuta wote ulioko katikati yako na mama wa watu. Kioo usikifute tena kwa shati lenye tangawizi. Tumia kitambaa laini, kikavu, kilichofuliwa. Jua liwe mgongoni kwako lakini lisimchome mama machoni. Viwiko vibane mbavuni, bonyeza kitufe nusu mpaka kamera ilenge uso, ndipo umalizie. Loth amemaliza, sasa nisikilize mimi.

Mimi nimezaliwa Usangi, nimeolewa huko kwenu Upare Kusini, nina wakwe watatu wa kiume, kwa hiyo mila za mkwe usinifundishe. Mkwe kumpisha mama njia, sawa. Kutomshika mkono, sawa, wapo wanaoshika hilo hadi leo na siwalaumu. Lakini ni mila gani inayomwambia mkwe ajibanze kwenye migomba ya mjane alfajiri, wiki tatu mfululizo, akimchungulia? Ungekuwa si mzee wa kanisa ungeshafikishwa kwa mtendaji. Heshima uliyofundishwa ilikuwa ya kumfanya yule mama awe na amani anapokuona. Wewe umeigeuza ikawa mahali pako pa kujificha, kwa sababu unamwogopa. Jibu la mke wako ni hilo. Unamwogopa. Mwambie leo, kwa mdomo wako, atakuelewa haraka kuliko unavyofikiri, maana amelelewa na mama huyo huyo.

Ukishamwambia hilo, mwonyeshe zile kumi na moja za baba yake. Najua nakuomba jambo zito. Umemdanganya mtu aliyefiwa, mbele ya jeneza, ili usionekane mpiga picha mbovu, na hilo ni dhambi hata kwa mtu asiye mzee wa kanisa. Pole, lakini ni dhambi. Lakini ndugu yangu, kile ulichokiona wewe kuwa ni kitu cha kijivu kimesimama na fimbo, binti yake atakitambua. Mtoto anamjua baba yake kwa jinsi anavyosimama tu. Atakukasirikia, na ana haki. Kaa hapo akukasirikie mpaka amalize, usiende kuangalia ndege.

Sasa nije kwenye kigoda. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Mama wa miaka themanini na minne, figo zinamsumbua, anaamka, anavaa kitenge cha kanisani, anafunga kilemba, anabeba kigoda mwenyewe mpaka kwenye jua, anakielekeza migombani anakojua upo, anakaa saa nzima bila kazi mkononi, na wewe unauliza anangoja mgeni gani? Anakungoja wewe upige picha, baba. Amekusamehe tangu Jumanne, na amefanya kila ambalo mila inamruhusu kufanya bila kukuita kwa jina. Na wewe ukaona dawa yake ni kurudi nyuma hatua sabini.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii. Usiende peke yako, na usiende mikono mitupu. Yudith atangulie, kwa sababu mke ndiye mlango wa mkwe, aende amwambie mama yake kwamba baba Agape ameomba ruhusa ya kuja kumpiga picha, hadharani, kwa njia ya mbele. Wewe nyuma yake chukua zawadi, kitu anachokula mgonjwa wa figo, muulize Yudith ni kipi, usibahatishe. Vaa shati safi. Mpitie Eliufoo kwake umsalimu, na umwambie leo si ndege. Ukifika uani piga hodi kama watu, mwamkie mama, angalia chini kama ulivyozoea, hakuna anayekunyang'anya malezi yako. Kamera iache mfukoni mpaka amalize kukuuliza habari za watoto, na akiuliza za shamba mjibu pia. Macho utayainua wakati wa kupiga tu, na hapo yainue kweli, maana uso unaotakiwa na mke wako hauwezi kupigwa na mtu anayeangalia viatu vyake.

Mpige nyingi. Mpige amekaa, mpige akicheka na binti yake, mpige mikono. Halafu mpe Yudith kamera, umwonyeshe kitufe.

Jambo moja tu nakukataza, kupima umbali. Kwa miaka ishirini na sita umeupima wewe, bila kumuuliza mwenyewe. Safari hii simama pale utakapopiga hodi, umwache mama akuonyeshe pa kusimama. Akisema hapo hapo panatosha, panatosha, piga ukiwa hapo na ushukuru. Akikuambia sogea, sogea. Akirudia, usijiulize amekusudia nini wala usimtazame Yudith akutafsirie. Sogea.