Saa Inayosoma Kiswahili

Jumapili, mchana. Upepo wa Isaka umeamka na vumbi lote la malori, na mimi nimekaa kimya kiasi kwamba wanaonijua wangeuliza nani amefariki.

Hakuna aliyefariki. Nimeshangazwa tu, na sijazoea.

Ijumaa saa ya baba ilisimama. Ni saa ya zamani ya mkononi, ya chuma, aliyoinunua enzi zake za kupakua mizigo, kutoka kwa mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu aliyekuwa ametajirika na kufulia ndani ya msimu mmoja. Haina betri. Haihitaji kutiwa ufunguo kila siku. Ndani yake kuna kipande cha chuma mfano wa nusu ya kisosi, kinachozunguka kila mkono unapocheza, na kule kuzunguka ndiko kunakoijaza nguvu. Fundi wa Kahama aliwahi kunifungulia mgongo wa saa hiyo alipokuwa akiitia mafuta. Nilikiona kile kisosi kikiyumba kwa pumzi yangu tu, nikarudi nyuma nisije nikaikosea adabu.

Kwa hiyo saa hii inakula mwendo wa mtu. Na baba, tangu kiharusi, mkono wa kushoto hauna mwendo.

Anaivaa mkono huohuo. Ukimwambia ahamishe, anakutazama kama umemwambia ahamishe pua.

Jana nikaiomba, nikaivaa kutwa nzima. Nilitembea nayo sokoni, nikapunga mkono kwa watu nisiowadai wala kuwapenda, nikajitolea hata kufua. Nikaipangusa jasho kwa kitambaa kikavu. Nikairekebisha kwa simu yangu, dakika kwa dakika. Nilijiona mtoto mwema.

Leo nimefika kwa wazazi asubuhi, saa moja. Nimewaamkia mwangaluka, nikamfunga baba saa yake, nikaenda jikoni kumsaidia mama kuchochea moto wa uji. Baba akaita. Maneno yake siku hizi yanatoka polepole.

"Mama Kulwa! Bugali uko wapi?"

"Bugali wa asubuhi hii? Umeota unalima?"

"Saa saba hii. Mnaninyima chakula?"

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi, ndiyo maana inaniuma. Baba hakucheka. Aliangalia saa, akaangalia dirisha, jua likiwa bado chini kabisa upande wa reli. Akaangalia tena saa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kujua kuwa anayo:

"Kulwa. Kichwa nacho kimeondoka?"

Daktari alisema kichwa kiko salama. Baba amekuwa akiliegemea neno hilo kuliko fimbo yake.

Mama ndiye aliyeuinua ule mkono, akaisoma saa, akanigeukia.

"Nani ameichezea?"

"Nimeirekebisha tu, mama. Ilikuwa imesimama."

"Umeirekebisha isome nini? Saa ya baba yako inasoma Kiswahili!"

Sisi wengine wote tukiona mshale kwenye saba, tunasema saa moja. Tumegeuza kichwani tangu darasa la kwanza na hatujiulizi. Baba hakusoma shule hiyo. Siku aliyoinunua aliuliza kwa nini moja isiwe moja, akakosa mtu wa kumjibu, akairudisha nyuma saa sita. Imekaa hivyo ujana wake wote na utoto wangu wote. Sikujua, kwa sababu alikuwa haazimishi, na ukimuuliza saa alikutajia mwenyewe.

"Baba, kichwa kipo," nikamwambia. "Mjinga ni mimi."

"Hilo nilikuwa nalijua," akasema.

Nikavuta kile kitufe cha pembeni, nikarudisha mshale mpaka kwenye moja. Wakati huo ndipo ikanijia. Saa hii ina kidirisha cha tarehe, na tarehe hugeuka usiku wa manane. Lakini ukiirudisha nyuma saa sita, usiku wake wa manane unaangukia alfajiri. Nikamuuliza baba.

"Sasa siku ianze gizani, imwanzie nani?" akasema.

Ina maana maisha yake yote, tarehe ya baba imekuwa ikigeuka jua likichomoza. Kile kimashine kilichotengenezwa na watu wasiotujua kimemtii mpakua mizigo wa Isaka, kikaisubiri alfajiri yetu.

Nikakisukuma kitufe kirudi ndani.

Nilipotaka kuivua nikaijaze tena kesho, baba aliufunika mkono wa kushoto kwa wa kulia.

"Acha. Hiyo ni mashine yangu, sio baiskeli ya kuazimana."

"Itasimama, baba."

"Itasimama kwangu."

Mama akanikonyeza nikae kimya. Baba akaubeba ule mkono mzito, akaanza kuubembeza kushoto, kulia, akiutazama kwa hasira, mpaka jasho likamtoka. Kisha akaachia. Kidole kimoja kikaendelea peke yake, kidogo sana. Au nimeona ninachotaka kuona.

Mwendo nilioujaza jana utaisha kesho jioni. Jumanne nitakuwa pale kabla ya jua, na mikono yangu nitaiweka mfukoni. Tarehe ikigeuka, itakuwa imegeuzwa na mkono wake mwenyewe.