Swali la Radjabu kwa Shehe

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Siku ya tatu nimefungiwa ndani ya depo, chumba cha kuweka chakula. Ninalala juu ya magunia ya maharagi. Telefone imechukuliwa. Kaye hii, daftari yangu ya kuandikia, niliificha ndani ya nguo.
Kaka yangu Radjabu alituona Kituku, kando ya ziwa, mimi na Rodrigue. Tumeshikana mikono. Basi! Rodrigue ni mukatoliki, fundi wa pikipiki kule Ndosho. Radjabu anasema nimechafua jina la jamaa, na uchafu huo unatoka kwa damu tu. Mama analia. Papa ndiye anashika ufunguo.

Jumanne, 3 Septemba
Radjabu anarudilia: dini inamuruhusu kuniua. Nilisoma madrasa miaka saba – wapi imeandikwa? Nimemuuliza kupitia mulango. Amepiga mulango teke.

Jumatano, 4 Septemba
Shehe amekuja! Mama alidanganya anaenda soko, kumbe alienda kumwita. Ameketi na Papa na Radjabu katika salon, pale pa kupokea wageni. Ukuta ni mbao, nimesikia yote.
Shehe hakuzunguka. Kaka hana ruhusa ya kuua, baba naye hana. Hata zinaa inataka mashahidi wane walioona kwa macho yao, na kadhi wa kuhukumu. Nyinyi mumeona nini? Mikono! Anayemusingizia mwanamuke bila mashahidi, fimbo themanini ni zake yeye. Kuua nafsi moja bila haki ni kama kuua watu wote.
Nimelia kwa furaha, kitambaa kinywani.
Kisha Radjabu, kwa adabu kabisa: na baba akimuua mutoto wake, shehe, naye anauawa?
Shehe akasema polepole: wanachuoni wengi wanasema baba hauawi kwa ajili ya mutoto wake. Lakini ni dhambi kubwa, ataadhibiwa, atalipa dia, mali ya damu, Jehanamu inamungoja –
Radjabu akamukatia. Asante shehe, inatosha.

Alhamisi, 5 Septemba
Tangu jana Radjabu hasemi tena “mimi”. Anasema “Papa”.
Asubuhi, nyuma ya mbao, nimemusikia: Papa, wewe hawatakuua. Ni wewe tu.
Papa angesema hapana! Neno moja!
Mama wamemutuma Rutshuru, eti shangazi anaumwa. Nani alileta habari hiyo? Mimi sikusikia mutu.

Ijumaa, 6 Septemba
Papa na Radjabu wamerudi kutoka musikitini. Radjabu ametoka tena, nimesikia kipito, mulango wa inje, kikifungwa.
Papa yuko mulangoni, peke yake. Anapumua kama mutu aliyepanda mulima.
– Mwavita, mwanangu. Nimekuletea maji. Tawadha.
– Sala gani, Papa? Alasiri bado.
Ninamusikia anaweka ndoo chini. Anatafuta ufunguo, ananiambia nitamuke shahada –