Nimemdhamini Binti wa Shadraki

Khuwair ya Kusini,
Maskati.
Mwezi wa kumi.

Kaka yangu Elirehema,

Shikamoo kaka. Kabla ya lolote niambie habari za goti lako. Binti yako Neema ameandika kwamba siku za baridi hulikunji vizuri, na kwamba unakataa kwenda hospitali kwa sababu eti litapona lenyewe. Halitapona lenyewe. Nenda. Na mama je, bado anagombana na kuku wa jirani? Kahawa imeiva? Mimi ni mzima. Joto la huku limeanza kulegea, sasa naanika nguo bila kukimbia kama mtu aliyekanyaga jivu la moto. Bi Zuwena, mama mwenye nyumba hii, hajambo naye. Anacheka Kiswahili changu cha bara, nami nacheka chake cha Unguja, siku zinakwenda.

Sasa kaa chini. Nina habari mbili, na zote mbili hutazipenda. Ya kwanza, Krismasi hii siji. Ya pili ni sababu yake, na sababu ni Aneti, binti wa Mzee Shadraki. Usiichane barua. Isome mpaka mwisho, halafu ukitaka uichane.

Najua ulichoniandikia mwezi wa nane. Uliandika kwamba binti wa yule mtu anakuja huku, nikimwona nimpite kama mtu nisiyemjua. Nilikutii, kaka. Tena nilizidisha.

Ilikuwa hivi. Dada yake Bi Zuwena anakaa mtaa wa Hail, alikuwa anatafuta msichana wa kazi, wakala akamletea Aneti. Hawa wenye asili ya Unguja wanapenda watu wa kwetu kwa ajili ya lugha, lakini hawamwingizi mtu nyumbani hivi hivi. Kwanza humwuliza mtu wa kwao aliyekwisha kuaminika. Mimi nina miaka sita humu, na kwa Bi Zuwena neno langu lina uzito kuliko muhuri wa wakala. Basi alasiri moja nachambua mchele, akaniita sebuleni.

“Ndeshi, huyo mtoto aliyeletwa kwa dada yangu, naambiwa wa kijiji chenu. Nnataka unambie, watu wake wakoje?”

Kaka, sikusema uongo. Nilisema, “Bibi, baba yake alisimama mahakamani akaapa kwa jina la Mungu, akasema amemwona kaka yangu akiiba. Hakumwona.” Basi, nikarudi kwenye mchele wangu. Kesho yake Aneti akarudishwa kwa wakala. Siku hiyo nilipika pilau huku naimba. Nakiri, niliimba.

Nilikuwa nakuona wewe tu. Miaka miwili gerezani kwa kahawa ya ghala ambayo hukuigusa. Baba amefariki, mzaliwa wa kwanza hayupo, mimi nikatupa udongo mara mbili kaburini, moja yangu na moja yako. Na hata mwizi mwenyewe alipokamatwa, Shadraki hakufungua kinywa kusema pole. Nikajiambia, leo tumelipwa.

Ijumaa nikaenda kanisani Ruwi. Jumapili yetu huku ni Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko. Mchungaji, Mkenya mmoja mwenye sauti nzito, akafundisha habari za kuwapenda adui na kutolipa ovu kwa ovu, na mimi nikaitikia amina kuliko wote. Mafundisho hayo si tunayajua tangu kipaimara? Unaweza kuyaitikia miaka yote bila jasho, adui akiwa mbali. Nikatoka, nikashika njia ya kwenda kwenye teksi, nikapita chini ya nyumba ambapo wakala huwaweka wasichana wanaongoja kazi.

“Dada Ndeshi!” Nikainua macho. Aneti alikuwa dirishani, akashuka ngazi mbio, ndala moja mkononi. Akanishika mikono yote miwili. “Nilijua utakuja. Nimewaambia wenzangu hapa, mimi nina dada wa nyumbani, hawezi kuniacha. Wakala anasema nisipopata nyumba wiki hii wananirudisha. Dada, nimekosa nini? Kule Hail sikukaa hata siku mbili.”

Alipokuwa Shadraki anaapa, kaka, huyu alikuwa darasa la tatu. Alikuwa anapita kwetu kuomba moto. Nikamwangalia, nikaona silaha iliyokuumiza wewe ndiyo hiyo hiyo niliyoishika mimi. Baba yake alisema uongo, mimi nilisema kweli, lakini tulichotaka ni kimoja: mtu aumie kwa neno letu na sisi turudi nyumbani tukale. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Yale mahubiri yakanirudia palepale barabarani, safari hii bila amina.

Nikamwambia angoje. Nikarudi nyumbani, nikamkuta Bi Zuwena anakunywa kahawa, nikamweleza yote, hata pilau.

Akaweka kikombe. “Na huyo mtoto mwenyewe ana kosa gani?”

“Hana, Bibi.”

“Mie nilikuuliza ya mtoto, weye ukanijibu ya baba.” Alikasirika kweli, sijapata kumwona hivyo. “Dada yangu keshamwogopa. Atamchukua kwa dhamana ya nani?”

“Yangu.”

“Dhamana si maneno, Ndeshi. Huwezi kumdhamini mtu kisha ukapanda ndege ukamwacha. Atakaa hapa miezi mitatu, umfunze weye, nimwone kwa macho yangu, ndipo aende Hail. Na likizo yako hiyo basi. Unataka?”

Nikasema nataka. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri, maana ningefikiri ningekataa.

Basi yuko hapa. Anaunguza wali, anaamka mapema, ana adabu. Ana kicheko cha baba yake, na mara ya kwanza kukisikia jikoni nilitoka nje nikasimama uani mpaka moyo ukatulia. Nimemwambia kwamba ni mimi niliyemfukuzisha, na kwa nini. Kumbe kwao kesi ile haitajwi kabisa. Alilia, akanawa uso, akaniuliza vitunguu vikatwe vipi. Sikwambii nampenda Shadraki. Lakini nimeelewa kwamba sikuagizwa nijisikie vizuri, nimeagizwa nitende, na ninatenda kila asubuhi ninapomwamsha mtoto wake.

Kaburi la baba tulisema tulijenge Desemba nikiwepo. Lijenge, usiningoje. Ila nina ombi. Kwetu mkosaji ndiye anayechuma jani la isale akampelekea aliyemkosea kuomba msamaha, na anayeletewa isale hakatai. Wewe umengoja Shadraki alete lake huu mwaka wa nane. Hataleta, kaka. Kama ni aibu, kama ni kiburi, yeye anajua. Bwana wetu hakungoja sisi tumletee. Chuma wewe. Mpelekee wewe, umwambie aje siku ya kaburi, asimame na watu wengine. Wazee watasema umegeuza mila, waache waseme. Wewe ndiye uliyelala kwenye sakafu ya gereza, si mimi, kwa hiyo siwezi kukulazimisha. Lakini mimi nimeshaanza, na sirudi nyuma.

Mwambie mama asilie kwa ajili ya Krismasi, mwakani nitakuja na nitakaa mpaka anichoke. Wifi yangu Mama Neema msalimie sana, shangazi wa kule juu pia, na Neema mwandishi wetu ambaye mwandiko wake sasa unasomeka. Mwinjilisti mwambie aniombee.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyokunjwa. Si yako. Aneti amemwandikia baba yake kwamba yu mzima na kazi amepata. Tangu aondoke hawajapata neno lake hata moja, na nasikia mzee huenda kila siku ya posta akarudi mikono mitupu. Ningeweza kuituma kwa jina lake. Nimeiweka humu kwa makusudi, iko mkononi mwako.

Ni mimi mdogo wako,
Ndeshi